Hawara Mwenye Sauti ya Asali

Mume wangu kazi yake ni kudanganya kwa niaba ya watu wengine. Anatafsiri filamu. Zinakuja na lugha zao, yeye anajifungia kwenye chumba chake mtaa wa pili, anasogeza kipaza sauti na kuwasemea wote: polisi, mwizi, bibi kizee, hata mbwa. Hawara tu ndiye aliyekuwa anamshinda. Akimwigiza, watu walikuwa wanasikia mbuzi mwenye mafua.

Ghafla mwaka huu hawara akapata sauti. Ya asali, ya kunong'ona, yenye pumzi katikati. Mtaa mzima ukachanganyikiwa. Mimi ni msusi, na saluni yangu ina televisheni kubwa kuliko kioo, kwa hiyo nilishinda na mwanamke huyo kutwa nzima. Nilipomuuliza mume wangu ni nani, akasema, "Msanii tu." Tu! Mwenye sauti ile anakuwaje "tu"?

Jumatano hiyo saluni imejaa, hakuna pa kutua hata mkoba. Mwalimu wa hesabu nimemsuka nusu kichwa, nusu ya pili imesimama kama imeona jini. Muuza dawa wa duka la jirani hajaja kusuka, kaja kwa umbea tu. Filamu imefika penye utamu: mwanamume anampigia simu mkewe, hawara yuko ubavuni anachezea tai yake.

"Mke wangu," anasema kwa sauti ya mume wangu, "leo msinisubiri kula. Mashine imekwama."

Kitana kikaniponyoka.

"Shoga, vipi?" akauliza mwalimu.

"Hayo maneno ni ya kwangu! Juzi nimeambiwa hivyohivyo. Jana pia. Na leo kanipigia simu sasa hivi tu: mashine imekwama."

"Enhee," mwalimu akasema, "ndiyo maana nashangaa. Huyu kwenye filamu si wakili? Wakili ana mashine gani?"

Saluni ikalipuka. Kila mtu alikuwa na filamu yake ya kunifundisha.

"Vaa miwani myeusi," akasema muuza dawa. "Kodi teksi, mwambie dereva, fuata gari lile!"

"Gari lipi? Mume wangu ana baiskeli."

"Basi jifungie bafuni, fungulia maji, lia."

"Maji yamekatika tangu asubuhi."

"Tupa nguo zake dirishani, ghorofa ya tano!"

"Dada, mimi nakaa chini. Nikizitupa zitaishia kibarazani, na wa kuziokota ni mimi."

Nilicheka nao, lakini kitana sikukiokota. Kwenye filamu mambo haya huchukua saa mbili: kosa, machozi, msamaha, muziki. Mimi nina miaka kumi na moja na mtu huyu, na kesho asubuhi hakuna muziki.

Tukaondoka sisi sote, mwalimu na nusu kichwa chake mbele. Mlangoni pa chumba cha mume wangu nikawanyamazisha. Ndani, asali ilikuwa inamwagika:

"Mwache mkeo, mpenzi. Mimi ndiye ninayekuelewa."

"Mke wangu hana neno," mume wangu akajibu. "Tatizo ni mama yake."

Asali ikakauka ghafla: "Mama yake kafanya nini?"

Sauti hiyo naijua. Imekuwa ikiniita nikale tangu nina miaka minne, kutoka mitaa mitatu. Nikaupiga mlango teke kama kwenye filamu. Kumbe unafunguka kwa nje. Nikabisha hodi, nachechemea.

Ndani alikuwa mama yangu mzazi, vipokea sauti juu ya kilemba, mkono kiunoni.

"Mama!"

"Funga mlango, kelele zinaingia!"

"Wewe unayezima televisheni watu wakikumbatiana!"

"Nazima kwa sababu wanaigiza vibaya."

Wenzangu hoi, mmoja kakaa chini kabisa. Sikumtambua mama yangu kwa sababu moja tu: sijawahi kumsikia akinong'ona.

"Alinikataza kusema," mume wangu akajitetea. "Kwenye kikundi chao cha akina mama, yeye ndiye anayekemea filamu."

"Haya, hujachepuka. Lakini umenidanganya siku tatu, na chakula chako kilikuwa kinapoa mezani."

Akainamisha kichwa. Mama akaona aokoe jahazi. "Tumalize kazi. Mimi hapa nagongwa na gari. Nimekufa mara saba mwaka huu, zote gari. Mwanamume hata mafua hapati! Anapiga magoti kwenye mvua, mke anamkumbatia, kwisha."

"Na mke anasemwa na nani?" nikauliza.

"Na mimi," akasema mume wangu, kwa aibu.

"Sogea."

Nikavaa vipokea sauti. Kwenye picha mwanamume kapiga magoti, mke kafungua mdomo. Nikamjaza maneno yangu: "Inuka, suruali hiyo utaifua mwenyewe. Sijakusamehe bado. Kesho utaniambia ukweli wa kesho, keshokutwa wa keshokutwa, ndipo nitaangalia."

Lakini picha ni picha, mke akamkumbatia. Uso wa mwanamume ukazama begani, na katika kazi yao, mdomo usioonekana unaruhusiwa kusema lolote. Mume wangu akasogea kwenye kipaza sauti mpaka masikio yetu yakagusana.

"Nilimwogopa mama yako," akasema, kwa sauti yake ya nyumbani. "Halafu nilipoona una wivu, nikafurahi kidogo. Hilo ndilo kosa langu. Nisamehe."

Nilikuwa na jibu refu. Ila mke kwenye picha alikuwa amefumba mdomo, kwa hiyo nami sikuruhusiwa kusema kitu. Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote. Yowe alilopiga limo kwenye filamu mpaka leo, na watu wanasema hawajawahi kumwona mwanamume akijuta vile.