Gari la Marehemu Kaka

Msiba ulipokwisha na jamaa wa mbali wakashika njia zao, waliobaki wakaanza kulitazama gari.

Lilikuwa refu, jeusi, viti vyake vya ngozi rangi ya maziwa, na milango yake ukiifunga haikupiga kelele, ilinong'ona. Marehemu alikuwa muuza rangi za nyumba. Alilinunua likiwa limeshapita mikononi mwa matajiri wawili watatu, akawa analiegesha mbele ya duka lake. Mjane wake alikuwa mshonaji wa sare za shule. Hakujua kuendesha, wala hakuona haja, maana kutoka kitandani hadi kwenye cherehani ilikuwa ni kufungua pazia tu.

Mdogo wa marehemu alikuwa dalali wa nyumba, mtu wa maneno mengi na viatu vya kung'aa. Kazi yake ilikuwa kuwatembeza wapangaji nyumba hadi nyumba, mara nyingi kwa miguu. Jioni moja alikuja, akakaa ukingoni mwa kochi, akajikohoza.

"Shemeji, kuhusu lile gari."

"Nakusikiliza, shemeji."

"Kaka ametutoka. Wewe huendeshi. Gari likikaa tu linaoza. Na mimi, unavyojua, dalali bila gari ni kinyozi bila wembe."

Mama mkwe, mama mzazi wa marehemu na dalali, aliyekuwa amehamia kwa mkwewe tangu msiba, aliacha kuchambua maharage. "Wewe umekuja kumpa pole shemeji yako, au umekuja kumrithi kaka yako?"

"Mama, mimi nasema tu."

Mjane hakukasirika. Alikata uzi, akaikunja sketi aliyokuwa akiishona, akaiweka juu ya nyingine.

"Lichukue," alisema. "Lakini nikwambie ukweli. Lile gari lina mambo yake. Kaka yako kuna siku alikuwa akiamka analikuta limelala upande mmoja. Kila mara lilikuwa gereji. Kamwone kwanza Fundi Taratibu akueleze."

"Shemeji! Gari la hadhi ile? Hayo ni maneno ya mafundi, wanatafuta pa kulia."

"Haya. Mimi nimesema," akajibu, akamkabidhi ufunguo.

Wiki za mwanzo dalali alikuwa mfalme. Wapangaji waliozoea kumwita "wewe bwana" wakaanza kumwita "mheshimiwa". Alishusha kioo hata kusalimia watu asiowajua. Nyumba mbovu zilionekana nzuri mtu akizifikia akiwa amekaa kwenye ngozi.

Kisha asubuhi moja akatoka nje na kulikuta gari limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Jirani yake, aliyekuwa akipiga mswaki mlangoni, akatema povu na kusema, "Dalali, gari lako limechoka kukushinda wewe."

Aliliwasha, likanguruma, likajiinua polepole. Akadhani limepona. Kesho yake likalala tena. Safari hii alimwendea fundi mmoja wa njiani, si Fundi Taratibu, akafungiwa kompresa ya mtumba, pampu ya kulijaza gari hewa, kwa bei ya kutupa. Kompresa ile ilidumu kama ahadi ya mlevi. Haijatulia hiyo, giaboksi nayo ikaanza vituko: kila gari lilipoongeza mwendo lilishtuka kama mtu mwenye kwikwi, na abiria wakawa wanaitikia kwa vichwa mambo ambayo hawajaulizwa. Mwisho ikawaka taa ya njano kwenye dashibodi. Dalali aliitazama siku nzima. Ilipoanza kumkera, akatoa kadi yake ya biashara, akaichomeka juu yake, na taa ikawa haionekani tena.

Siku gari lilipomwumbua alikuwa amepakia bwana na bibi waliokuwa wakitafuta nyumba ya kununua, si ya kupanga. Kwa dalali, wateja wa namna hiyo ni mvua ya kiangazi. Walikuwa wakipanda barabara nyembamba ya mlima kuelekea kwenye nyumba yenyewe pale moshi mweupe ulipoanza kutoka kwenye boneti.

"Hiyo ni nini?" bibi akauliza.

"Kiyoyozi, mama. Kinapumua."

Kikapumua kweli, mpaka injini ikazimika katikati ya barabara. Magari ya nyuma yakapiga honi. Bwana yule alishuka na suti yake, akasukuma, mkewe akasukuma, na viatu vya dalali vikaingia kwenye mtaro. Walipofika pembeni, bwana alijifuta mikono, akasema kwa upole uliouma kuliko tusi, "Tutakupigia." Hawakupiga.

Gari likavutwa kwa kamba hadi kwa Fundi Taratibu. Gereji yake ilikuwa uwanja wenye paa la mabati na harufu ya oili iliyozama ardhini. Fundi aliingia, akakaa kwenye usukani, akaichomoa ile kadi.

"Hii ni ya nini?"

"Ni tangazo tu."

"Ulikuwa unaitangazia injini?" Fundi aliirudisha kadi kwa mwenyewe. "Mficha maradhi, kifo humuumbua, bosi."

Akafungua boneti, akazama. Alipotoka alieleza bila haraka, kama alivyoitwa. Gari lile halikukaa juu ya springi za chuma kama magari mengi. Lilikalia mipira ya hewa. Mipira ikichanika, hewa inavuja gari likiwa limeegeshwa, na kompresa inahangaika kutwa kuijaza mpaka nayo inakufa. Oili ya giaboksi haikuwa imebadilishwa sijui tangu lini. Hayo yote yangeweza kungoja. Ila taa aliyoifunika dalali ilikuwa ikilia kwamba maji ya rejeta yanapungua. Pampu ya maji ilikuwa imechoka, injini ikachemka, na sasa gasketi ya silinda hedi imeungua.

"Yote kwa pamoja ni kiasi gani?"

Fundi akamtajia. Dalali akatafuta tairi lililokuwa karibu, akakaa.

"Kwa hela hiyo si ninanunua gari dogo zima, na chenji nabaki nayo?"

"Unanunua. Gari likizeeka, bei yake inashuka. Spea zake hazina habari na uzee."

Alikwenda kwa shemeji yake kwa miguu. Alisimama mlangoni mpaka mama mkwe akamwona.

"Pita. Mbona hatujasikia gari?"

"Hata mimi silisikii tena, mama." Akaweka ufunguo mezani, kando ya vifungo vya mashati. "Shemeji, nimekurudishia mali yako. Nimelichukua likitembea, nalirudisha limelala."

"Ulilichukua kwa mdomo mmoja," alisema mama yake, "lirudishe kwa mikono miwili."

Akauchukua tena ufunguo, akamkabidhi mjane kwa mikono miwili. Mjane angeweza kumwambia "nilikwambia", na maneno hayo yalikuwa yamemfika ulimini. Lakini alivitazama viatu vya shemeji yake, tope limekaukia pembeni, akamuuliza, "Umekula?"

Dalali alikula. Alipomaliza akasema, huku anaitazama sahani, "Haikuwa kwa ajili ya wateja tu. Kile kiti, kaka alikiweka kwa urefu wa miguu yake. Sijakisogeza hata siku moja. Nilikuwa nafikia pedali kwa ncha za vidole."

Mama yake akainuka taratibu akaenda jikoni, ingawa hakuwa na la kufanya huko. Mjane aliweka mkasi chini. Tangu mazishi, kila mtu alikuwa akija kumweleza jinsi alivyompenda marehemu, na huyu peke yake alikuwa amekaa na yake moyoni, akaja kudai gari.

"Kesho tutakwenda wote," alisema.

Gerejini mjane alisikiliza maelezo yale yale mpaka mwisho. Fundi alisema linaweza kutengenezwa lote, au likafungwa springi za kawaida na kutibiwa injini tu, liwe linarukaruka lakini linatembea.

"Fundi, lingekuwa la dada yako, ungemwambiaje?"

Fundi Taratibu akacheka kidogo. "Ningemwambia aliuze kabla sijalifungua. Likifunguka, halina mwisho. Kuna watu wanalo kama hili, wanatafuta milango, taa, viti."

Mjane akamgeukia shemeji yake. "Wewe unaonaje?"

Hakutegemea kuulizwa. Alilizunguka gari, akapitisha kiganja juu ya paa.

"Tuuze," alisema. "Na mimi ndiye nitakayeliuza, hiyo ndiyo kazi yangu."

Aliliuza vizuri. Kila mnunuzi alimtajia kwanza ubovu, bila kuruka hata mmoja, ndipo akamwonyesha viti. Wengine waliondoka. Aliyebaki alikuwa na gari la aina hiyohiyo lililogongwa mlango, naye hakubishana sana kwa sababu hakukuwa na kitu kilichofichwa. Lilipakiwa kwenye lori, wakalisindikiza kwa macho mpaka kona.

Sehemu kubwa ya pesa mjane aliiweka kwenye duka la rangi aliloachiwa na mumewe. Dalali alikataa fungu lake, akasihiwa, akakubali. Alinunua pikipiki iliyotumika, na kabla hajalipa alimpeleka Fundi Taratibu aipige teke, aisikilize, aisemee.

Asubuhi ya kwanza alikuja nayo kumpeleka shemeji yake kununua vitambaa. Mjane hakuwa amewahi kupanda pikipiki maishani. Alikaa nyuma, akashika chuma kwa mikono yote miwili, na mama mkwe akasimama kizingitini akitoa amri ambazo hakuna aliyezisikia kwa mlio wa injini.

Walikwenda polepole mno. Baiskeli mbili ziliwapita.

"Shemeji," mjane akasema begani kwake, "ongeza mwendo kidogo. Tutafika wamefunga."