Tatu, Mkato, Mbili

Kazi yangu ni kuandika programu, na ile ya wodi ya watoto, inayopiga hesabu ya dozi, niliiandika mimi. Nesi anaingiza uzito wa mtoto, kompyuta inamwambia avute dawa kiasi gani kwenye sindano. Ndani yake niliweka vizuizi: mistari michache ya kuangalia kama kilichoingizwa kina akili. Uzito sifuri? Simama. Uzito usiosomeka? Simama, sema kwa nini, na usitoe dozi yoyote. Programu isiyojua inyamaze, isibuni. Ni aibu hata kumweleza mtu mzima jambo kama hilo.

Bosi wetu tunamwita Shwari, maana ndilo jibu lake kwa kila kitu. Programu ikisimama, simu inalia mezani kwake, na Shwari hapendi simu. Hakuuliza hata siku moja ilisimama kwa nini. Alichofanya ni hiki: alikizima kizuizi cha uzito, na mahali pake akaandika kwamba uzito usiposomeka, programu ichukue kilo kumi na kuendelea. Kilo kumi za nani? "Ni wastani tu, bibie," aliniambia. "Watu wanataka kitu kinachofanya kazi." Funika kombe mwanaharamu apite. Nami nikaguna, nikarudi kwenye kiti changu, na hilo linanitia kinyaa kuliko yeye.

Wiki haikuisha. Mdogo wangu alikuwa amejifungua, mtoto akapatwa na degedege siku ya tano, wakalazwa wodi ile ile. Nilipofika kuwaona mchana, degedege lilikuwa limekoma tangu jana yake, lakini mtoto hakuwa mtoto. Amelegea kama kitambaa kibichi. Hanyonyi, halii.

"Analala tu, dada," mdogo wangu akasema. "Daktari anasema huenda ugonjwa umepanda kichwani."

Nesi alikuwa kwenye kompyuta akiandaa dozi yake nyingine ya dawa ya kutuliza degedege. Nikasimama nyuma yake. Akaandika uzito kama wanavyouandika kwenye kadi zao miaka yote: tatu, mkato, mbili. Programu yangu inajua nukta, mkato haiujui. Zamani ingesimama papo hapo. Sasa ilitoa dozi ya mtoto wa kilo kumi, bila haya, kwa maandishi ya kijani.

"Usimpe hiyo," nikamwambia. "Mmeshampa ngapi?"

"Mbili tangu jana. Hii ya tatu. Kwani vipi?"

Nikatoka koridoni nikampigia Shwari. Nilipomaliza kumweleza akasema kwa sauti laini, "Usimwambie mtu. Tukae kikao kwanza, tuone tunalisemaje." Akaongeza kwamba tangu akizime kizuizi hakuna aliyepiga simu kulalamika. Mtoto amelewa dawa, wanamtafutia ugonjwa asio nao, na baba wa watu ananiletea habari za kikao.

Nikakata simu. Daktari nilimkuta mbele ya kitanda cha mdogo wangu, na sikumvuta pembeni.

"Si ugonjwa, daktari. Ni dawa. Amepewa zaidi ya mara tatu ya kipimo chake. Programu niliiandika mimi, kizuizi kiliondolewa, na nilijua."

Daktari hakupoteza muda kunigombeza. Aliagiza dozi zote za wodi zipigwe upya kwa mkono, akaita oksijeni, akasema mtoto atazinduka dawa ikipungua mwilini. Labda kesho, labda keshokutwa. Nesi akaja na mipira ya oksijeni. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto ili mdogo wangu apate kukaa vizuri.

Mdogo wangu alinitazama. Akamhamishia mtoto bega la pili, upande wa ukutani.

"Wewe usimguse," akasema.