Jina la Zahran

Mara ya nne Shariffa alibofya, na mara ya nne kompyuta ikajaribu na kujaribu kwa nusu dakika. Katika nusu dakika hiyo ngazi za mbao zikalia, kidato cha kwanza, cha pili, cha tatu, vile vile alivyokuwa akipanda marehemu babake, Zahran, atokapo sala ya alasiri. Kisha maandishi yakatokea: huduma imeshindwa kuanza. Ngazi zikanyamaza.

"Keshafika?" aliuliza Bi Lamya, mama yake, nyuma ya pazia. Alikuwa edani kwa kufiwa na mumewe, siku ya thelathini na nane, haonekani na wanaume wa nje.

"Bado, mama."

Usi, fundi wa kompyuta aliyetoka Tunguu, alicheka kicheko kikavu. "Jini wenu mvivu, dada. Anaishia kidato cha tatu."

Bila ya huduma ile, kijiprogramu kinachofanya kazi chini kwa chini, programu mpya haikuweza kuiamrisha cherehani ya kutarizi kofia, na nyumba nzima ilikula kwa cherehani hiyo. Usi akasoma orodha ya makosa, kidole kikishuka kiooni.

"Aa! Kila ikitaka kuanza inaingia kwa jina la mzee Zahran, na neno lake la siri hatunalo. Programu ya zamani ilikuwa nalo, imeondoka nalo. Futa jina lake, andika lako."

"Usifute!" Pazia likatikisika. "Usimtoe babako, Shariffa. Haji ila mkiwasha hiyo. Nnamsikia."

Shariffa naye alimsikia. Ndiyo maana alibofya mara nne, ingawa mara moja ilitosha.

Akabofya ya tano. Ngazi zikalia mpaka juu. Mtu akasimama nyuma ya mlango, akahema kwa pumu, kama alivyokuwa akihema babake. Maandishi yakatokea. Pumzi ikakatika.

"Mama," alisema Shariffa, na sauti yake mwenyewe ikamshitua, "tunamwita, halafu tunamwacha mlangoni. Atapumzika lini?"

Bi Lamya akasogea karibu na pazia.

"Andika lako."

Akaandika. Huduma ikaanza papo hapo, sindano ikashuka kitambaani. Shariffa alitega sikio, asikie nyayo zikirudi chini. Hazikurudi.

Usi alikwishafunga mkoba wake na kusimama.

"Usi, mwanangu," aliita Bi Lamya, taratibu, "ukishuka pita ubavuni. Usimpige kikumbo hapo mlangoni."

Usi akakaa tena kitini.