Futi Tatu na Nusu za Mpando wa Hollin

Desmond Airey alipima ardhi za watu kwa miaka thelathini na minane, na wiki aliyostaafu akaanza kujenga reli. Aliijenga ndani ya kompyuta, katika chumba cha nyuma ambacho marehemu mkewe alikitumia kushonea nguo. Ilikuwa ile reli yetu ya zamani: maili kumi na moja kutoka machimbo ya chokaa ya Hollin, chini kabisa bondeni, ikipanda mlima kisha kushuka mpaka hapa Askerby. Treni ya mwisho ilipita mwaka 1963. Mwaka uliofuata vyuma viling'olewa, na tangu hapo wapitao ni kondoo.

Kuna programu inayomwezesha mtu kuendesha treni akiwa amekaa mbele ya kioo cha kompyuta. Unaiona njia, unasikia magurudumu, unafungua mvuke, unafunga breki. Programu huja na reli zake, lakini anayetaka anaweza kujitengenezea nyingine. Wengi hukisia. Desmond hakujua kukisia. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa ya inchi.

Mimi ni jirani yake, Hazel Dinsdale. Nilikuwa karani wa shule ya msingi. Asubuhi moja alinigongea mlango, akaniuliza kama kamera yangu bado ni nzima, maana alihitaji picha za kuta.

"Kuta zipi?" nikamwuliza.

"Zote," akasema.

Kwa miaka sita nilipiga picha za kila daraja, kila ghala na kila kibanda kilichosalia cha reli ile, naye akazibandika kwenye majengo yake ndani ya kompyuta, tofali kwa tofali. Nilimwona akilala kifudifudi kwenye majani yaliyolowa apime upana wa mfereji wa maji ambao hakuna abiria aliyewahi kuuangalia. Mlango wa chumba cha kusubiria cha stesheni ya Hollin tuliukuta kwenye banda la kuku la mkulima mmoja. Desmond akapiga magoti kati ya kuku, akaanza kuukwangua rangi kwa kisu kidogo, tabaka baada ya tabaka, mpaka akafika kwenye rangi ya kiangazi cha 1957, mwaka aliouchagua kwa reli yake. Ilikuwa ya kijani. Sisi sote tuliokulia hapa tungeapa kwamba ilikuwa ya kahawia. Mkulima alibaki mlangoni na ndoo yake ya pumba, akitutazama kama watu wanaohitaji daktari.

Sijui niliacha lini kumcheka. Nadhani ni siku aliponiketisha kwenye kiti akanipeleka Askerby kwa treni ya saa nne asubuhi, nikaona nyumba ya bibi yangu ikipita upande wa kushoto, na shuka zimeanikwa uani. Nyumba hiyo ilibomolewa nikiwa na miaka tisa.

Mwaka juzi, kazi ikiwa imekaribia kwisha, Desmond aliandika tangazo dogo kwenye jarida la kanisa: yeyote aliyefanya kazi kwenye reli ya Hollin anakaribishwa kuja kuiona. Tulijua wengi wamekwisha kufa. Akaja mmoja, Wilf Raistrick, mwenye miaka themanini na minane, akiletwa na binti yake Denise. Wilf alikuwa mtia makaa. Kwa miaka minane alilisha tanuri la injini kwa beleshi huku dereva wake, Arnold Metcalfe, akishika mpini wa mvuke. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwa dereva. Alikuwa amepangiwa mtihani mwezi wa Oktoba. Reli ikafungwa Septemba, akaenda kiwanda cha jibini, akakaa huko hadi kustaafu.

Alikataa chai. Akakaa kwenye kiti, kofia magotini, Desmond akaanza safari kutoka Hollin na mabehewa kumi na mawili ya chokaa.

"Huyo ni Nora Tindall dirishani?" Wilf akauliza walipopita kibanda cha ishara.

"Ni sanamu tu, Mzee Wilf. Sikujua jina."

"Basi ni Nora. Mpe kilemba cha bluu."

Desmond akaandika. Alikuwa na furaha kama mtu anayesomewa barua aliyoisubiri. Mzee akawa anataja kila kitu: lango lililokuwa likikwama, nyumba ya mbwa mkali, mti ambao Arnold alitumia kujua pa kufungua mvuke zaidi. Kisha treni ikaanza kupanda Mpando wa Hollin, maili mbili za mlima, ikapita daraja la mawe, ikaendelea kupanda taratibu ikikoroma vizuri, moshi ukijikunja nyuma. Mimi nilikuwa naupenda sana mpando ule.

Wilf akaanza kucheka.

"Baba," Denise akamgusa bega. "Kuna nini?"

"Kijana huyu hajawahi kupanda hapa." Kijana aliyemsema ana miaka sitini na saba. "Pale baada ya daraja tungekuwa tumesimama tayari, nami natukanwa na Arnold. Wewe umepita kama unaenda sokoni."

Desmond akatoa mchoro wa kampuni ya reli, nakala ya ule wa asili. Akamwonyesha kwa kidole: mwinuko wa futi moja kwa kila futi sitini, sawasawa, kuanzia chini hadi kileleni.

"Hiyo ni karatasi," akasema Wilf.

"Ni mchoro wa mhandisi, mzee."

"Na mhandisi alirusha beleshi ngapi? Sikiliza. Baridi ya mwaka arobaini na saba, theluji ilipoyeyuka, tuta lilizama pale darajani. Mimi nilikuwa mtoto wa shule, baba yangu alikuwa kwenye genge la kutengeneza njia. Walijaza majivu ya injini, wakainua reli kidogo, treni zipite. Kidogo tu. Shimo lilibaki. Unashuka ndani yake, halafu unatoka kama unapanda ngazi."

"Hakuna rekodi ya hilo."

"Mimi ndiyo rekodi."

Desmond akakunja mchoro wake polepole, akasema kwa adabu iliyopita kiasi kwamba kumbukumbu za watu wakati mwingine hukuza vilima. Wilf akavaa kofia.

"Denise, twende nyumbani. Nimekuja kuona reli, nimeonyeshwa karatasi."

Nilimkasirikia Desmond siku ile nzima, nikamwambia. Akanijibu kwamba akianza kufuata kila anachokumbuka kila mtu, mlango wa Hollin ungekuwa wa kahawia. Na hilo lilikuwa kweli.

Lakini alfajiri ya kesho yake nilimwona anapakia darubini yake ya upimaji kwenye gari. Nikavaa buti, nikachukua ile fimbo ndefu yenye namba, nikapanda.

Mvua ilikuwa ya pembeni, ile inayoingia masikioni. Nilisimama na fimbo juu ya tuta la zamani, hatua hamsini, tena hamsini, Desmond akichungulia na kuandika kwenye daftari lililofunikwa nailoni. Baada ya daraja aliniambia nirudi nyuma, nisimame tena palepale. Kisha mara ya tatu. Mwishowe akaja kwangu, maji yakimtiririka puani.

"Futi tatu na nusu," akasema. "Tuta limezama futi tatu na nusu. Kutoka hapo kwa futi mia sita mwinuko ni mkali zaidi, futi moja kwa kila arobaini na nne."

"Kwa hiyo Wilf alisema kweli."

"Bado. Linaweza kuwa lilizama baada ya reli kung'olewa. Miaka sitini ni mingi."

Huyo ndiye Desmond. Mtu mwingine angerudi nyumbani akaombe radhi. Yeye alichukua sepetu garini, akapata ruhusa ya mwenye shamba kwa simu, akachimba. Chini ya majani kulikuwa na kokoto za reli, zile zinazokaa chini ya mataruma, yale magogo yanayobeba vyuma. Chini ya kokoto kulikuwa na kitu cheusi. Aliingiza mkono, akatoa konzi, akaifungua mbele ya uso wangu: majivu, na vipande vya makaa yaliyoungua nusu, yameshindiliwa hadi kuwa magumu kama keki iliyosahauliwa. Tulichimba sehemu nne. Majivu yalikuwepo pale tu tuta lilipozama, na kokoto zilikuwa juu yake, kwa hiyo yaliwekwa wakati treni bado zikipita.

Desmond akakaa chini kwenye tope. Nilidhani ameumia.

"Baba yake," akasema. "Haya aliyajaza baba yake."

Ilimchukua wiki saba kuirekebisha. Kuinamisha njia ni kazi ya mchana mmoja, lakini kila kilichosimama kando yake kilipaswa kusogezwa: uzio, nguzo za simu, ukuta wa daraja, mawe. Akaongeza na unyevu kwenye reli mahali ambapo chemchemi ilitoka ubavuni mwa mlima, kwa kuwa chemchemi ipo mpaka leo na tulilowa nayo. Kisha akaenda mwenyewe kwa Wilf, na chupa ya majivu mkononi. Sikuwepo. Denise aliniambia kwamba baba yake aliyamwaga kidogo kiganjani, akayanusa, akasema, "Makaa ya hovyo. Walitupatia makaa ya hovyo siku zote."

Alhamisi iliyofuata Wilf alirudi. Safari hii alikubali chai, na kipande cha keki ya tangawizi. Desmond akamvutia kiti cha pembeni, cha mtia makaa.

"Hapana," Wilf akasema. "Miaka minane nimekaa upande huo. Wewe chochea."

Akakaa kwenye kiti cha dereva. Desmond alikuwa ametengeneza mipini ya chuma, mizito kama ya kweli, iliyounganishwa na kompyuta. Wilf aliishika mmoja mmoja bila kuiangalia. Mikono yake hutetemeka. Kikombe huinuliwa na Denise. Juu ya mpini wa mvuke ule mkono ulitulia.

Waliondoka Hollin. Desmond, aliyeijenga reli nzima, alikuwa mtia makaa mbaya ajabu.

"Unarusha kama unalisha kuku!" mzee akamfokea. "Pembeni! Jaza pembeni, katikati patajijaza penyewe. Mshale wa kipimo cha mvuke uko wapi?"

"Unashuka."

"Naona unashuka, bwana, nina macho! Nauliza utafanya nini!"

Walipita daraja. Injini ikazama kidogo, kisha pua yake ikainuka, na mlio ukabadilika. Sikuwahi kuusikia ukitoka chumba kile. Pumzi moja, kimya, pumzi nyingine. Kisha magurudumu yakateleza yote kwa pamoja, yakazunguka bure kwa kelele kubwa, na treni ikasimama.

"Inafanya kazi!" Desmond akapiga kofi. "Hazel, umeona? Tumekwama!"

"Unafurahia nini, mjinga wewe? Tumekwama!" Wilf alikuwa mwekundu hadi shingoni. Amekasirika kwelikweli, na macho yanang'aa.

Desmond akajitolea kuianzisha safari upya kutoka Hollin. Kitufe kimoja tu. Mzee akamtazama kama aliyetukanwa.

"Sisi tulikuwa na kitufe?"

Akairudisha treni nyuma polepole, breki ikilia, mpaka upande wa chini wa daraja ambako reli ilikuwa kavu. Akangoja. Alimfanya Desmond ajenge moto kwa dakika ishirini na mbili, akisema tu "bado." Mimi nilishika sahani ya keki bila kujua naishika. Mshale ulipofika juu, Wilf akafungua mchanga uanguke mbele ya magurudumu yasiteleze, mapema kabla ya pale penye maji, kisha akasukuma mpini wa mvuke kwa upole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Injini ikauma reli. Pumzi, pumzi, pumzi. Iliteleza mara moja. Akarudisha mpini upana wa kidole, ikashika tena. Zile futi mia sita ziliwachukua dakika tano. Nilizihesabu nguzo za simu.

Kileleni hakusimama. Alifunga mvuke, treni ikaanza kushuka kuelekea Askerby, nasi tukaona mnara wa kanisa.

"Ndivyo Arnold alivyokuwa anafanya," akasema, bila kutugeukia. "Nilikuwa nikimwangalia mkono. Kila siku nilikuwa nikimwangalia mkono."

Denise alitoka nje kidogo. Desmond akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

Reli ya Hollin ilitolewa kwa umma majira ya kuchipua, bure, kwa yeyote anayetaka kuiendesha. Kwenye maelezo Desmond aliandika kwamba mwinuko baada ya daraja umepimwa naye na umethibitishwa na W. Raistrick, mtia makaa na dereva. Wilf alitaka neno la mwisho lifutwe. Desmond alikataa, na kwa kuwa faili lilikuwa lake, likabaki.

Mwezi uliopita mtu mmoja wa kusini aliandika barua ndefu ya malalamiko. Alisema anao mchoro rasmi wa kampuni, mwinuko ni moja kwa sitini, na pale baada ya daraja treni yake imekwama mara kumi na moja; tafadhali kosa lirekebishwe. Desmond alimtumia picha nne za mashimo yetu, na vipimo vyote. Kabla ya kutuma jibu alimsomea Wilf, maana mzee huja kila Alhamisi.

Wilf akafikiri, mkono juu ya mpini.

"Ongeza mstari mmoja," akasema. "Mwambie mchanga aumwage mapema."