Mahali Palipodhaniwa Patupu

Siku ile nilikuwa na mambo mawili ya kumaliza: kutengeneza mashine, na kumjibu mkwe wangu, mzee Badawi. Arobaini ya mke wangu Ummulkheir ilikuwa imepita, na mzee alitaka kunioza Jawahir, mdogo wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mtu baki. Nilikwisha amua kukubali. Si kwa kupenda. Nilikuwa nimekufa ganzi mwili mzima, na kukubali kulikuwa kazi ndogo kuliko kukataa.

Mwaka huo wa 1969 kampuni yetu ya meli pale Kilindini ilinunua kompyuta, dude la ukubwa wa makabati matatu. Kila tulipoitia programu kuu ilifanya kazi kidogo, kisha ikazimika. Mwenzangu Kenga alilaumu joto. Mimi sikulaumu kitu. Nilichapisha yote yaliyokuwa katika kumbukumbu ya mashine, nikakaa kuyasoma namba kwa namba.

Ramani tuliyopewa ilisema sehemu ya mwisho ya kumbukumbu ni tupu, basi programu kuu ikaweka vitu vyake humo. Kumbe ndimo yalimokaa maagizo ya kiwandani, yale yanayoiendesha mashine yenyewe. Yalifutwa, na mashine ikafa na vyote vilivyowekwa.

"Mbona haikuuliza kwanza?" Kenga akasema.

"Haikufunzwa kuuliza."

Nikaongeza maagizo machache: kabla ya kuweka kitu mahali, uliza pana nini. Mashine ikaenda. Kenga akacheka peke yake. Siku hizo alishazoea kucheka kwa niaba yangu.

Baada ya alasiri nilikuwa Kibokoni, barazani kwa mzee. Jawahir alileta kahawa, macho chini.

"Haya, mwanangu Taha," mzee akasema. "Twakungoja wewe tu."

Jibu lilikuwa mdomoni. Jawahir alikuwa akigeuka kwenda zake ndani.

"Jawahir," nikamwita, "wewe wataka?"

Mzee akakohoa. Mambo hayo hayakuwa yakifanywa hivyo.

"Hapana aloniuliza," Jawahir akasema.

"Mimi nakuuliza."

Akanigeukia. "Sitaki, shemeji. Kila nikiwaza kile chumba chenu, namuona dadangu."

Mimi, ambaye sikulia mazikoni wala kwenye hitima, nililia mbele ya mkwe wangu mpaka kahawa ikapoa.