Sukari Juu ya Maranda

Kitambi kilikuwa kitu adimu mwaka themanini na tatu. Sabuni ilikuwa adimu, dawa ya meno ilikuwa adimu, kanga pia, lakini vitu hivyo mtu akiwahi foleni alfajiri aliweza kubahatika. Kitambi hakina foleni. Na mie nilikihitaji, kwa sababu filamu yangu ilimhusu mlanguzi, na mlanguzi mwembamba nani angemwogopa?

Nilizunguka Temeke nzima nikitazama matumbo ya watu. Fakihi, mwanafunzi mwenzangu ambaye ndiye angepiga picha, aliniambia, "Kornelio, siku moja utapigwa. Unawatazama waume za watu kama mpishi anachagua mbuzi."

Tulimpata kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe. Mzee Sadallah alikuwa fundi cherehani, mwenyeji wa Temeke wa tangu na tangu, mtu mpole, sauti nyembamba. Tumbo lake lilikuwa limeegemea meza ya cherehani kama mteja anayesubiri suruali yake. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu kwa kuzungukazunguka, mpaka akatukatiza.

"Semeni tu mnataka tumbo. Hili halikuja kwa chakula, wanangu. Alikuwa nalo baba, alikuwa nalo babu. Mie nimerithi."

"Hata mwaka huu halipungui?" Fakihi akauliza.

"Linapungua, ila linaona haya kuondoka."

Akakubali siku ileile. Mkewe, Bi Mwanakombo, alisikia kutoka ndani akasema mume wake hajawahi kumtisha hata paka, na kwamba anataka kuiona filamu hiyo kabla hajafa.

Niseme tulivyokuwa tunafanya kazi, maana waliozoea kukaa gizani na kutazama tu hawajui. Chuo chetu kilitufundisha filamu za elimu ya watu wazima. Mwaka ule tuliruhusiwa kupiga moja tu, juu ya choo bora. Tuliipiga vizuri. Lakini kila mkebe wa filamu ulibaki na kipande mwishoni, mita chache ambazo hazikutosha onyesho la choo, na Fakihi akawa anavikusanya. Kwa vipande hivyo tukaamua kutengeneza filamu ya kutisha, ya mlanguzi anayeficha sukari huku mtaa mzima unamnyemelea. Mwalimu wetu Revelian alijua. Alisema, "Mie sijui kitu," akatuachia kamera siku za Jumamosi.

Hatukuwa na taa, hivyo usiku tuliupiga mchana. Fakihi alibana lenzi mpaka jua likawa mbalamwezi, na Mzee Sadallah akapita uani saa nane mchana ameshika kandili inayowaka, ananyata, watu wa nyumba ya pili wakiuliza kama amepoteza kitu. Hatukuwa na sauti pia. Sauti tungeibandika baadaye kwa kinasa sauti. Kwa hiyo, kamera ikizunguka, mie nilikuwa napiga kelele nitakavyo: geuka, inua kidevu, usiitazame lenzi. Na Mzee nilimfundisha sheria moja. Asisimame. Hata nikipiga ukunga, hata nyumba ikishika moto, aendelee na maneno yake mpaka Fakihi aseme "kata". Filamu ikikatika katikati hatuna nyingine. Wiki ya kwanza alikuwa anasimama kila nikikohoa. Wiki ya tatu ungeweza kummwagia maji, asisimame.

Maneno yenyewe yalikuwa shairi, na shairi ni langu. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza mwenyewe kwenye ukurasa wa mashairi wa gazeti, nikihesabu mizani kwa kugonga kidole kwenye benchi la baba yangu kule Mwenge, yeye anachonga mpingo, ananiambia namharibia mdundo. Wenzangu chuoni walisema mlanguzi hawezi kusema kwa vina. Niliwajibu kwamba mtu mwenye sukari anaweza kusema anavyotaka. Ubeti ambao Mzee angeusema juu ya magunia, askari wanapoingia, ndio huu:

*Nina sukari ghalani, mwenye njaa na alale,*
*Wapange foleni chini, wangoje hadi milele,*
*Askari wana nini, hata waje na kelele,*
*Nawaweka mfukoni, wote wa hapa na kule.*

Hesabu mwenyewe. Hauna mizani pungufu.

Magunia yalikuwa sita. Tuliyajaza maranda kutoka kwa baba, tukayapanga kwenye chumba cha uani cha Mzee Sadallah. Juu ya gunia la mbele, lililofunguliwa mdomo, ilitakiwa sukari, kwa sababu mlanguzi anachovya kidole na kulamba. Fakihi akasema tutie chumvi, picha haina rangi wala ladha. Mzee ndiye aliyekataa.

"Nikilamba chumvi nikajifanya sukari, uso utasema chumvi," alisema. "Nguo ikiwa na bitana ya uongo, mie naiona hata kwa nje."

Basi Bi Mwanakombo akatoa mgawo wao, mama yangu akatoa wake huku ananung'unika, ikapatikana kama kilo moja. Tukaitandaza juu ya maranda. Ilikuwa nyeupe, nzuri, na ungeapa kwamba gunia zima ni sukari mpaka chini.

Likabaki onyesho la mwisho, mlanguzi anakamatwa. Tulikosa sare. Fakihi akasema ana binamu zake wawili kwenye mgambo, atazungumza nao waje na sare zao Jumamosi asubuhi. Jumamosi ikafika. Fakihi akaenda kuchukua kamera na kuwapitia binamu. Mie na Mzee tukabaki kwenye chumba cha magunia tukijikumbusha. Msako wa walanguzi ulikuwa umeanza kitambo. Redioni kila jioni yalisomwa mambo ya maghala na magari. Sie tulikuwa tunafurahi. Filamu yetu ilikuwa inasema jambo lilelile ambalo nchi inasema.

Sare zikatokea mlangoni.

Walikuwa watatu, na nyuma yao, uani, nilimwona Bi Tunu, balozi wa nyumba kumi wa pale kwa Mzee, ameshika mtandio mdomoni. Nilidhani amekuja kutazama. Mzee akanikonyeza. Kisha akawageukia wale askari kwa sauti yake ya kawaida, nyembamba:

"Mbona mmechelewa, wanangu? Nawangoja tangu asubuhi."

Wakatazamana.

Mzee akapanda juu ya magunia, akakaa, akaliachia tumbo. Sijui lile joho la uovu alilitoa wapi. Wiki tatu nilikuwa namwomba anipe dharau, ananipa adabu. Siku ile dharau ilimjaa mpaka kwenye nyusi. Akachovya kidole kwenye sukari, akakilamba taratibu, macho yake hayajawaacha. Akaanza. *Nina sukari ghalani.* Sauti ikashuka ikawa nene. Nikasikia nywele za shingo zinanisimama, kwa raha, na nikaanza kugonga mizani kwa kidole mlangoni.

Alipofika mstari wa pili niliona viatu. Binamu za Fakihi ni watu wa ndala. Hivi vilikuwa buti, vimepigwa rangi, na mmoja wa wale watu alikuwa na bastola kiunoni.

"Mzee," nikasema, "acha."

*Askari wana nini, hata waje na kelele.*

"Mzee Sadallah, basi. Simama. Hawa ni wa kweli."

Akanitupia jicho la pembeni la mtu aliyefundishwa vizuri. Hakuna aliyesema kata. Akainuka, akamsogelea yule mrefu mwenye bastola, akaugusa mfuko wa shati lake kwa kidole chenye sukari, akamalizia mstari wa nne pale pale kifuani mwake. Halafu akabaki hapohapo, anasubiri aambiwe kata.

Nimefikiri mara nyingi kwamba neno lile ningelisema mie. Kata. Herufi nne. Lakini lilikuwa neno la Fakihi, na kichwani mwangu halikuwapo.

Yule mrefu alitia mkono kwenye gunia. Ukaingia kwenye sukari, ukatoka na maranda. Akaupeleka mlangoni kwenye mwanga ili wenzake waone.

"Kumbe si kuficha tu," akasema. "Unawauzia watu maranda."

"Ndugu askari, hii ni filamu," nikasema.

"Kamera iko wapi?"

"Inakuja."

"Na sie tumekuja."

Mzee Sadallah alikuwa anatutazama mmoja baada ya mwingine, bado anatabasamu kidogo, kama mtu aliyeingia kwenye mazungumzo katikati. Walipomshika mkono akaniuliza, "Hii imo?"

Nilimwambia haimo.

Kituoni Afande aliyekuwa mezani alikuwa mtu mtaratibu, hakumpiga mtu, hakutukana. Alimwuliza Mzee kitambi amekipata wapi mwaka huu. Mzee akasema kwa baba yake. Askari wakacheka, akaandika. Kisha yule mrefu akaombwa aeleze alichosikia, na akaueleza ubeti wangu wote, neno kwa neno, na vituo vyake. Alikuwa ameusikia mara moja tu. Ndiye mtu wa kwanza duniani kulisema shairi langu kwa moyo, na kila mstari aliosema ulikuwa unamfunga Mzee Sadallah.

"Maneno haya ni yangu," nikasema. "Nimeyatunga mie. Nifungeni mie."

"Una sukari?" Afande akauliza.

"Sina."

"Una magunia?"

"Sina."

"Basi nenda nyumbani, mtunzi."

Walimpeleka Mzee nyuma, mahabusu. Kabla mlango haujafungwa alisema kwa sauti, "Kornelio, lete zile picha. Zenyewe zitanisemea."

Fakihi, aliyekuwa amechelewa na kamera, alinikuta nje ya kituo, tukakimbilia chuoni. Mwalimu Revelian alitusikiliza amesimama, akasema yeye aliidhinisha filamu ya choo, karatasi ipo, na kwamba ana watoto. Kamera akaifungia kabatini. Kwa majirani ilikuwa vilevile. Watu walioiona kandili mchana, walioiona kamera kwa macho yao, siku ile kila mmoja alikuwa hakuwapo. Bi Tunu pekee alikuja kwetu, akalia, akasema aliulizwa nyumba yenye magunia, na asingesema angechukuliwa yeye. Sikuweza kumkasirikia, nikamkasirikia tu.

Kikabaki kitu kimoja. Mkebe. Vipande vyote tulivyopiga vilikuwa ndani yake, vimefungwa kwa utepe mweusi, havijasafishwa. Dawa za kusafishia hazikuwapo nchini. Ilikuwa ipelekwe ng'ambo, na ng'ambo kunataka fedha za kigeni, na fedha za kigeni ziliwasubiri watu wakubwa kuliko sie. Tukaupeleka mkebe kituoni ukiwa hivyohivyo.

"Fungua tuone," Afande akasema.

"Haifunguliwi, Afande," Fakihi akajibu. "Ikiona mwanga inakufa."

"Picha gani inaogopa mwanga?"

"Mpaka ipite kwenye dawa kwanza."

"Dawa ziko wapi?"

"Hakuna."

Afande akaegemea kiti. "Sasa mnataka nifanye nini? Nifumbe macho ndiyo nitaiona?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua kweli. "Mna kitu ambacho mkinionyesha hakipo, na msiponionyesha siwezi kujua kama kipo. Mwenye ghala naye angeniambia hivyohivyo."

Fakihi alinitazama. Mle ndani mlikuwa na kazi yangu yote, jua lililogeuzwa mbalamwezi, kidole na sukari, uso wa Mzee Sadallah. Nilifikiri kwamba Afande akiona japo ule ukanda wa filamu wenyewe, ulio na matundu yake pembeni, akaushika, atajua hatukuwa tunadanganya. Nilijua pia kwamba utakuwa hauna kitu. Niliyajua yote mawili kwa pamoja, na Mzee alikuwa nyuma ya ule mlango.

Nikaufungua mkebe mwenyewe. Fakihi aligeukia ukutani.

Filamu ilitoka ikijikunja, rangi ya uji uliopoa. Afande aliinyoosha dirishani, akaifuata kwa jicho kipande kwa kipande, kwa uvumilivu mkubwa, zaidi ya wengi walivyowahi kunivumilia.

"Watu wako wapi?" akauliza.

Akaikusanya taratibu, akairudisha mkebeni, akanipa.

Mzee Sadallah yuko rumande mpaka leo ninapoandika. Jina lake halijaitwa. Siku za kuona wafungwa naenda na Bi Mwanakombo. Yeye anapeleka chakula, mie napeleka mikono mitupu na hasira ambayo sijui pa kuiweka. Nimejaribu kuandika barua kwa mashairi, nimejaribu kwa nathari. Ninapogonga kidole kuhesabu, nausikia ule ubeti, nausikia kwa sauti ya yule askari mrefu, naacha.

Jumapili iliyopita tulisimama kwenye waya kama kawaida. Shati alilovaa alilishona mwenyewe, na sasa lilikuwa linamning'inia mbele kama pazia.

"Picha zimerudi?" akauliza. Huuliza kila mara.

"Bado, Mzee. Dawa hazijafika."

"Si kitu. Zikija, waniangalie pale ninapolamba." Akafikiri kidogo, akajishika tumboni kwa viganja vyote viwili, pale palipokuwa na urithi wa babu yake. "Ila mwambie Fakihi, kama kuna onyesho limeharibika, asinipange kulirudia. Kitambi kimekwisha, mwanangu. Picha haitaungana na zile za mwanzo."