Gauni la Kamba Tatu

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika. Mtaa mzima ulimwita Njoo-Kesho, naye aliitika. Ukienda kuchukua nguo yako siku aliyokuahidi kwa kinywa chake mwenyewe, mwanamke huyu fundi alikuangalia usoni bila haya, akang'ata uzi, kisha akakwambia, "Njoo kesho." Usidhani alikuwa mvivu. Mkono wake ulikuwa mzuri mno, na balaa lilianzia hapo hapo, maana kila mtu alitaka kushonewa na yeye, tena wote mwezi mmoja.

Mwezi wenyewe ni wa Majilio, zile wiki nne za kuingoja Krismasi. Kanisani waliwasha mshumaa mmoja kila Jumapili, mchungaji akawaambia wajiandae, Bwana anakuja. Njoo-Kesho naye alikuwa na Majilio yake. Aliliandika neno hilo kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa wa daftari, ODA ZA MAJILIO, na chini yake majina hayakwisha. Mama wa mapacha alitaka magauni mawili yaendane na makochi mapya. Lakini kiboko yao alikuwa mwenyekiti wa kwaya. Sare za mwaka jana hazikuwa zimepauka hata kidogo, ila kwaya ya kanisa la jirani ilishashona za zambarau, basi na yeye akataka za zambarau thelathini na mbili, zenye lesi kwenye kola, ili wenzake wakome.

"Yesu hazaliwi kila siku, Fundi!" alisema huku akipiga meza.

Katikati ya vurugu hizo, wiki ya kwanza kabisa, mama yake mzazi aliingia dukani na kitambaa cheupe amekikumbatia. Waliishi nyumba moja, mlango wa duka na mlango wa nyumba ikitenganishwa na ua mdogo tu wa kuanikia nguo.

"Nishonee gauni, mwanangu. Pana, refu mpaka miguuni. Mbele pazibwe, mgongoni pawe wazi pote, lifungwe kwa kamba tatu. Usiniwekee mfuko wala kifungo."

"Mama, hilo gauni au shuka?"

"Wewe shona. Anakuja. Nataka anikute tayari."

Njoo-Kesho akacheka. Mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba hiyo, alikuwa akifanya kazi nchi ya mbali, na alisema huenda akaja Krismasi. Kwa mtoto yule mama alikuwa hasikii la mtu. Basi fundi akabandika kikaratasi kwa pini, akaandika MAMA, mahali pa siku ya kuchukua akapaacha wazi, akakisukuma kitambaa chini kabisa ya rundo. Mteja wa nje atakufokea. Mama yako atakwenda wapi?

Wiki ya pili mama akagawa vyombo vyake vizuri. Wiki ya tatu akampa jirani viatu vyake vya kutokea, vile alivyokuwa akivifuta kwa pindo la kanga kila Jumapili. Njoo-Kesho aliona yote hayo, akasema moyoni, huyu anampangia nafasi mwanawe. Na mara tatu, jamani, mara tatu mama alikuja akasimama mlangoni mwa duka, akasema, "Mwanangu, nina neno." Na mara zote tatu fundi alijibu bila kuinua uso kwenye cherehani.

"Ngoja nimalize mkono huu, mama. Njoo kesho."

Hata hakujisikia. Mtu akizoea neno, linatoka lenyewe.

Wiki ya nne, Jumanne asubuhi, alikuja nesi mstaafu wa mtaa huo kufuata sketi yake. Sketi haikuwa tayari, na yeye aliapa haondoki bila sketi, akajikalia kwenye benchi. Kwa aibu, na kwa kuwa pasi ilikuwa bado haijapata moto, Njoo-Kesho akavuta kitambaa cha mama kutoka chini ya rundo angalau akikate. Akakitandaza mezani, akakata mbele kipande kizima, akapasua nyuma juu mpaka chini. Akapima kamba ya kwanza, ya pili, ya tatu.

Nesi alikuwa akiongea bila kupumua, mara akakikodolea kitambaa macho.

"Fundi. Nani amefariki?"

"Afariki nani tena? Hili la mama, la Krismasi. Wazee bwana, wana mambo yao."

Nesi akainuka, akaja mezani, akapitisha kidole pale mgongoni palipopasuliwa. "Amekupa mwenyewe mkato huu?"

"Mwenyewe. Kwani vipi?"

"Nguo hii haivaliwi na mtu aliyesimama," nesi akasema taratibu. "Inavishwa mtu aliyelala, asiyeweza kuinua mikono. Unamwingiza kwa mbele, unamfungia kwa nyuma. Nimewavisha wengi, fundi. Wengi sana."

Njoo-Kesho akataka kucheka, kicheko kikagoma. Akalitazama gauni, akakitazama kikaratasi chenye neno MAMA, na mle kichwani vyombo, viatu, na ile sauti ya mlangoni vikamjia vyote kwa mpigo. Alitoka mbio futi ya kupimia ikiwa shingoni, akavuka ua, nguo zilizoanikwa zikimpiga usoni, akausukuma mlango.

Mama alikuwa ameketi kitandani akikunja soksi.

"Mama, unaumwa?"

"Karibu," mama akasema. "Kaa. Leo umemaliza mkono?"

Lo! Afadhali angemzaba kibao. Njoo-Kesho alikaa chini, sakafuni.

Mama akamweleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Moyo umechoka. Daktari amemwambia si wa kutibika tena, inaweza kuwa miezi, inaweza kuwa siku. Alikwenda hospitali peke yake zile siku alizoaga kwamba anakwenda kwenye kikao cha akina mama.

"Na mdogo wangu anajua? Ndiyo maana anakuja?"

"Mdogo wako haji. Alishanipigia tangu wiki ya kwanza, hana ruhusa kazini."

"Lakini ulisema anakuja!" Njoo-Kesho alipiga kelele, mwenyewe akashtuka. "Ulisema nikushonee kwa sababu anakuja! Nani sasa?"

Hapo ndipo mama naye alipopigwa na butwaa. Alimtazama bintiye kama anayemwona mara ya kwanza.

"Mwanangu, si wewe unayeshonea kwaya? Hao wanaimba nini kutwa nzima? Mishumaa minne mmeiwasha, mmeambiwa anakuja, anakuja. Mlidhani anasemwa nani?"

Mwezi mzima Njoo-Kesho alikuwa ameliandika neno Majilio kwa kalamu nyekundu na hajawahi kulisikia. Akalia kwa sauti, kilio cha mtoto, kichwa kwenye magoti ya mama.

"Huogopi?" akauliza mwishowe.

"Naogopa, nikudanganye nini? Ila ninayemngoja namfahamu. Nimeongea naye tangu sijaolewa." Akamfuta pua kwa soksi aliyokuwa akikunja. "Tena gauni hilo msiniitie sanda. Mimi hiyo ni nguo yangu ya kutokea. Viatu nimegawa, sitavihitaji. Gauni nalitaka."

Mchana ule Njoo-Kesho alifunga duka, akabeba cherehani ya mkono mpaka chumbani kwa mama. Mwenyekiti wa kwaya alifika anahema.

"Fundi! Sare zangu ziko wapi?"

"Vaeni za mwaka jana."

"Za mwaka jana?" Alishika kiuno, akashika kichwa. "Watu watatuonaje?"

"Watawasikia," mama akajibu kutoka kitandani. "Ninyi imbeni. Na mje mniimbie na hapa, mimi kanisani sifiki." Mwenyekiti akavua kofia, akaketi pembeni kidogo, kisha akaondoka kwa upole ambao hakuna aliyewahi kuuona kwake.

Siku tatu walikaa hivyo, mmoja anashona, mmoja anasimulia. Njoo-Kesho alimaliza mkono mmoja na hakuanza wa pili mpaka mama amalize hadithi yake. Ijumaa asubuhi mama akataka kulijaribu.

"Lakini hili si la kuvaa umesimama, mama."

"Nani kasema? Nishike."

Akasimama. Fundi akamfunga kamba ya kwanza, ya pili, na ya tatu ikamshinda kwa machozi, akaifunga kwa kupapasa. Mama akajigeuza mbele ya kioo, mgongo uko nje, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe kuna baridi huku nyuma! Sikuliwaza hilo."

Wakalivua, Njoo-Kesho akalipiga pasi, akalikunja, akachukua kile kikaratasi cha zamani chenye neno MAMA. Mahali pa siku ya kuchukua palikuwa bado wazi. Alishika kalamu nyekundu, akasita.

"Niandike lini?"

Mama alikuwa ameshajilaza, macho ameyafumba, mkono wake juu ya kitambaa.

"Andika: Akija."

Akaandika.